Mikono ya Lango la Kuagana

1

TANGAZO KWA UMMA

Kutoka: Mamlaka ya Ukarabati wa Ukuta na Malango, Mji wa Motigadh

Wakazi wa Mtaa wa Watia Rangi mnaarifiwa kwamba Lango la Kuagana litafungwa kesho kwa ajili ya usafi. Uso wa nje wa ukuta utaoshwa kwa maji ya nguvu ili kuurejesha katika hali yake ya asili. Vitakavyoondolewa ni pamoja na:

(a) mabango ya uchaguzi na ya waganga;
(b) kinyesi cha njiwa;
(c) masizi;
(d) mimea iliyoota kwenye nyufa;
(e) alama za mikono.

Magari yatumie Lango la Chumvi.

Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote utakaojitokeza.


2

— Soma tena hiyo ya mwisho.

— "Tunaomba radhi."

— Siyo hiyo! Ya juu. Ile inayofuata mimea.

— "Alama za mikono."

— Mikono ya nani?

— Ya mabinti zetu, ya nani tena? Yako wewe iko kwenu ulikotoka.

— Yaani wametuweka chini ya kinyesi cha njiwa?

— Njiwa ni wengi, shoga. Wakipiga kura wanashinda.

— Mimi sicheki. Mkono wa Manjula wangu uko pale.

— Na wa Hetal.

— Shhh. Mama yake huyo anapita.


3

Mimi ni lango. Nimeamua kusema mwenyewe, kwa sababu wanaoandika matangazo hawanijui.

Motigadh ni mji wa Kihindi uliozungushiwa ukuta wa mawe mekundu. Ukuta una malango, na kila lango lina kazi yake. Lango la Jua ni la wafalme, ingawa wafalme walikwisha na siku hizi wanaopita pale ni malori ya saruji. Lango la Chumvi ni la wafanyabiashara. Lango la Majivu ni la maiti. Bibi harusi hapitishwi huko hata mvua ikifunga njia nyingine zote.

Mimi natazama mashariki. Mbao zangu zimepigwa misumari mirefu ya chuma, ili tembo wa vita asithubutu kuniegemezea paji lake. Wewe msomaji, kama umewahi kupita Mji Mkongwe wa Unguja ukaziona njumu za shaba kwenye milango ya wenye nacho, umeona ndugu zangu wa mbali. Wao walipewa urembo. Mimi nilipewa kazi.

Katika ubao wangu mkubwa kuna mlango mdogo. Mtu hupita mmoja mmoja, tena kwa kuinama. Komeo lake liko ndani. Ukumbuke mlango huo.

Binti wa Mtaa wa Watia Rangi akiolewa, hutokea kwangu. Huchovya kiganja cha kulia katika rangi nyekundu ya mizizi iliyokorogwa na mafuta ya nyonyo. Koo nyingine hutumia manjano na maji, lakini watu hawa wanaishi kwa rangi na hawakiamini kitu kinachotoka kwa maji. Hukigandamiza kiganja ukutani, kando yangu, kwa nje. Kisha huondoka bila kugeuka nyuma.

Sasa sheria. Haikuandikwa popote, nimeisikia tu ikisemwa, vizazi kwa vizazi:

*Aliyeacha mkono hakosi mlango.*

Binti akionewa huko alikokwenda, akarudi, akaweka kiganja juu ya alama yake mbele ya watu, mkuu wa ukoo wake hana budi kuja kwa miguu yake na kufungua mlango mdogo kwa mkono wake mwenyewe. Hata kama amekasirika. Hata kama majirani wanachungulia. Na akishafungua, hakuna wa kumuuliza yule binti, "Utarudi lini kwa mumeo?"

Lakini mkuu wa ukoo naye ana haki ya kusema neno moja kwanza.

"Nionyeshe."


4

Simu ilimkuta Jasuben amepiga magoti mbele ya beseni, mikono imezama katika rangi hadi kwenye viwiko. Aliibonyeza kwa ncha ya pua, kama wafanyavyo wanawake wote wa mtaa ule. Ndiyo maana simu zao zote zina doa jekundu au la bluu katikati ya kioo.

"Mama."

"Hetal! Mbona namba ngeni?"

"Ya jirani. Amenipa mara moja tu, yuko mlangoni ananingojea."

"Umekula?"

Mama akiogopa huuliza chakula.

"Mama, mkono wangu bado upo?"

Jasuben akainua mkono mmoja. Rangi ilimdondoka kwenye kiwiko, ikapiga maji ya beseni, *ti*, ikapiga tena, *ti*. Asubuhi ileile alikuwa amepita langoni akakuta watu wamelisonga lile tangazo, na walipomwona wakanyamaza wote kwa pamoja.

Aliujua mkono ule kuliko alivyoujua wake. Siku ya harusi Hetal alikuwa akicheka. Alivitanua vidole vyote, vimenyooka kama miale, na kabla hajamaliza kugandamiza, gari likapiga honi na shangazi zake wakamvuta. Kidole gumba kikaburuzika. Kikaacha mkia mwekundu unaoshuka chini, kama mkia wa mjusi.

"Upo," Jasuben akasema.

"Umeuona kwa macho yako?"

"Naupita kila siku nikienda kusuuza nguo. Upo, mwanangu."

"Basi kesho napanda basi la alfajiri. Usimwambie mtu wa huku. Mama, siwezi tena, jana ameni—"

Simu ikakatika.

Jasuben akabaki amepiga magoti. Nguo iliyokuwa mkononi mwake ilikaa kwenye rangi kupita kiasi, ikatoka nyeusi.


5

Lango la tano la mji huu lilibomolewa kupisha barabara.



Hapa palikuwa na mikono.



Pita.


6

Kuna mmoja hakupita. Aliitwa Ladhiben. Alirudi kutoka kwa mumewe akakuta barabara mahali palipokuwa na lango lake. Kaka zake wakamwambia, kwa upole kabisa, "Tuonyeshe mkono." Alilala kwenye nyumba ya wasafiri karibu na hekalu, mwaka ule na mwaka uliofuata, mpaka nywele zikawa nyeupe. Watoto walimjua kama mama wa kufagia ngazi. Jasuben, alipokuwa bibi harusi mgeni katika mji huu, alimpelekea chapati mara kadhaa. Ladhiben alikuwa akipokea kwa mkono wa kushoto. Wa kulia aliuficha.

Huyo ndiye aliyemjia Jasuben akilini alipokuwa akivuka ua kwenda upande wa shemeji yake.

Parshottambhai ni kaka mkubwa wa marehemu mumewe, na ndiye mkuu wa ukoo. Mtaani pale kila mwanamke huitwa *ben*, yaani dada, na kila mwanamume *bhai*, yaani kaka. Jina tupu ni kama kumtupia mtu kiti badala ya kumkaribisha akae. Na mke wa mdogo mtu hamwonyeshi uso kaka wa mume, wala hasemi naye moja kwa moja. Wameishi ua mmoja tangu Jasuben aolewe, na Parshottambhai anachokijua kwake ni miguu tu, na ile mikono yenye rangi.

Jasuben akakaa nyuma ya mwimo wa mlango, mtandio umeshuka hadi kidevuni.

"Dada Kamla," akamwambia mke wa shemeji yake, "mwambie shemeji Hetal anakuja kesho."

Kamlaben akamgeukia mumewe, aliyekuwa amekaa hatua mbili tu kutoka hapo. "Anasema Hetal anakuja kesho."

"Nimesikia. Muulize, anakuja kutembea au anakuja kukaa?"

"Anauliza—"

"Nimesikia, dada. Mwambie anakuja kuweka mkono."

Ujumbe huo Kamlaben hakuupeleka. Alishika tu ncha ya sari yake na kuizungusha kidoleni.

Parshottambhai akaweka kikombe chini. Hakuwa mtu mbaya. Mtu mbaya angekuwa rahisi. Huyu ndiye aliyemsindikiza ndugu yake Lango la Majivu, akalipa karo za Hetal, akachagua mwenyewe tarehe ya harusi.

"Mwambie," akasema, "nina mabinti wawili ndani hawajaolewa. Nyumba iliyorudiwa na binti, nani atabisha hodi kuja kuposa? Mwambie wavumiliane, ndoa zote zina moshi. Mwambie binti akishatoka, ametoka. Maji yakimwagika hayazoleki."

"Mwambie huyu si maji. Ni Hetal. Yeye shemeji mwenyewe ndiye aliyempandisha juu ya paa akamfundisha kurusha tiara."

Nje mtu alikuwa akipiga nguo mbichi kwenye jiwe. *Pa. Pa. Pa.*

"Mwambie mila ni mila," Parshottambhai akasema hatimaye. "Sitavunja alichoniachia baba yangu. Nikionyeshwa mkono, nitafungua." Akainua kikombe, akakuta hakina kitu, akakinywa hivyohivyo. "Lakini nasikia kesho wanaosha."


7

Msimamizi wa kazi aliitwa Mrunal. Msichana wa mji mwingine, kofia ngumu ya manjano, shahada mpya kabisa. Alikuwa amesoma namna ya kuokoa mawe na aliyapenda mawe kikwelikweli. Alikuwa akiyagusa kwa kiganja kama mtu anayempima mtoto homa.

"Mama, hii ni amri ya ofisi," akasema. "Asili ni kile kilichokuwepo ukuta ulipojengwa. Kilichokuja baadaye kinahesabika uchafu."

"Na mimi nimekuja baadaye."

Mrunal akacheka kidogo, kisha akaona kuwa mama hafanyi mzaha.

Jasuben akamweleza yote. Lango, kiganja, mlango mdogo, Ladhiben na ngazi zake, basi la alfajiri. Alieleza vibaya, akirukaruka, akianza mwisho na kurudi mwanzo. Mrunal alisikiliza hadi mwisho, kisha akapiga simu ofisini, akasogea pembeni. Jasuben alimwona akinyoosha mkono kuelekea ukutani kana kwamba aliye upande wa pili wa simu angeweza kuona. Aliporudi, kofia alikuwa ameivua.

"Wamesema naweza kuipiga picha. Kila mkono. Picha nzuri, mama, itakaa kwenye kumbukumbu za mji milele."

"Ahsante, mwanangu. Na picha ina mlango?"

Mrunal akatazama juu, kule kwenye viota vya njiwa.

"Basi nitaanzia juu," akasema polepole. "Kule juu kuna kazi nyingi. Nitaanzia kwa njiwa, nitakwenda taratibu. Taratibu sana. Basi lake likifika, mkono utakuwa bado haujaguswa. Nakuahidi."

Alimaanisha. Hiyo nayo iandikwe.


8

VILIVYOTOLEWA KWENYE NYUFA ZA UKUTA KABLA YA KUOSHA

hereni moja
koa, aliye hai
risasi ya zamani, imekuwa kijani
kijiti cha kuchokolea meno
uzi wa tiara
uzi wa tiara
uzi wa tiara
nywele za mtu, zimefungwa kwa uzi mwekundu
mche wa mtini, majani matatu, ulikataa kung'oka


9

*(Hetal)*

nimekaa dirishani na mkono nimeuficha chini ya mtandio. Mwanamke wa kiti cha pili ananipa karanga, namwambia nimeshiba, ananitazama mkono, halafu anatazama nje. Ananijua. Hatujawahi kuonana, lakini anani

mashamba ya pamba. Halafu mashamba ya pamba.

nikifika nitasema nini? Nilijaribu maneno usiku mzima. Baba mkubwa, shikamoo. Baba mkubwa, nimekuja. Baba mkubwa, yule uliyenichagulia

hapana. Sitasema kitu. Ndiyo uzuri wa mkono. Mkono unasema, wewe unanyamaza.

mama alisema upo.


10

Simu kutoka ofisini, asubuhi, wakati boza la maji lilipokuwa limeshaegeshwa:

"Mrunal? Anzeni chini. Mheshimiwa anapita na wapiga picha, anataka kuonekana mbele ya jiwe safi. — Najua ulipanga juu. — Najua. — Mrunal, hii si mada ya mjadala. Nakuja mwenyewe hapo."

Akaja mwenyewe hapo.

Jasuben alifika akakuta mashine inanguruma. Wanawake wa mtaa walikuwa wamesimama katika mstari nje ya lango, ncha za sari wameziuma kwa meno. Mrunal alikuwa ameshika mpira wa maji kwa mikono miwili. Afisa wa ofisi alikuwa nyuma yake, kitambaa puani.

Maji yalipiga jiwe. Yakashuka meupe kwanza, kwa vumbi. Kisha ya kijivu.

Kisha mekundu.

Mekundu kama siku ya kusuuza. Yakatiririka katikati ya mawe ya njia, yakapita kwenye vidole vya miguu ya wanawake, na hakuna aliyerudi nyuma. Manjula. Savita. Pushpa mdogo na Pushpa mkubwa. Hetal.

"Safi," afisa akasema. Akapiga picha moja kwa simu yake, akaingia garini, akaenda kumsubiri Mheshimiwa kwenye Lango la Jua.

Mrunal akazima mashine.

Jasuben alitafuta mahali pale, kwa jicho, kisha kwa kidole. Jiwe. Jiwe. Akatoa simu aipige ile namba ngeni, amwambie mwanawe ashuke njiani, popote, asifike. Iliita katika nyumba ya jirani asiyemjua, mbali, ikaita mpaka ikanyamaza.

Alimwambia upo.


11

Upo.


12

Nani aliona kwanza? Wote walidai baadaye kuwa ni wao, na mimi lango nasema waliona wote kwa mara moja, kama watu wanavyoona mwezi wa Idi.

Jiwe langu lililowa likawa jeusi. Jiwe lote. Isipokuwa mahali ambapo mafuta ya nyonyo yalikuwa yameingia, miaka na miaka, kiganja baada ya kiganja. Mafuta hayakubali maji. Hapo jiwe lilibaki kavu, limepauka karibu jeupe, na sura yake ilikuwa

mkono.

Na mkono.

Na mkono juu ya mkono, na mdogo kando ya mkubwa, na mingine juu kuliko urefu wa mtu, tangu zamani ambapo ardhi ilikuwa juu. Mikono iliyofutwa na mvua kabla bibi za wanawake hawa hawajazaliwa. Ukuta wote mweusi, umejaa mikono myeupe, imeinuliwa yote pamoja, kama umati unaoitwa jina ukaitikia.

— Mungu wangu.

— Huyu Manjula! Kidole cha shahada kifupi, alikatwa na mlango akiwa mdogo. Manjula!

— Na ule juu kabisa ni wa nani?

— Hakuna anayemjua.

— Yupo lakini.

Jasuben alikuwa ameona vidole vilivyotanuliwa kama miale, na mkia wa mjusi ukishuka chini.

Hapo ndipo Mrunal, aliyekuwa amekaa kwenye kokoto na uso viganjani, akainua kichwa. Akasimama. Akalisogelea jiwe, akaligusa kwa kiganja kama kawaida yake, akageuka kutazama jua.

"Linakauka," akasema. "Mama, upande huu ni wa jua. Likikauka, hamtaona kitu tena."


13

Alikimbia kuwasha mashine. Mashine ikakohoa. Boza lilikuwa tupu.

Basi.

ndoo za bati
ndoo za plastiki
masufuria ya harusi, yale makubwa, ya kuazimana
birika
mitungi miwili ya hekalu, bila ruhusa
makopo ya rangi
beseni la Jasuben
kofia ngumu ya manjano

Kutoka bombani hadi kwangu walipanga mstari. Wanawake walioolewa katika mji huu kutoka miji mingine, ambao mikono yao wenyewe imebaki kwenye kuta za mbali walizoziacha, wakapokezana maji kwa ajili ya mikono ya mabinti zao. Waligombana, bila shaka.

— Usimwage miguuni mwangu!

— Jongea basi, umejaa njia kama tembo!

— Pale, pale! Kidole gumba kinapotea!

— Maji! Nani kalala na birika?

Jua lilikuwa likinywa upande mmoja, wao wakimwagia upande mwingine. Mkono wa Hetal ulififia, ukarudi. Ukafifia. Ukarudi. Mtandio wa Jasuben ulianguka mabegani, kisha chini kabisa, ukakanyagwa. Hakuuokota. Angeuokota kwa mkono upi?

Na barabarani, ambako basi huwashusha watu, vumbi likapanda.


14

Alikuja peke yake, begi halina uzito. Alipouona umati alisimama. Alipouona ukuta alisimama zaidi.

"Mama, mbona ni mingi hivi?"

"Njoo," Jasuben akasema. "Njoo upesi, jua kali."

Mlango mdogo ulikuwa umefungwa. Nyuma yake zikasikika hatua za viatu vya ngozi, taratibu, kisha sauti ya mtu mzima anayehema. Komeo halikusogea. Parshottambhai hakutokea hapo. Alikuwa amezunguka kwa Lango la Chumvi, njia ndefu, ili auone mkono kabla ya kufungua, na viatu vilivyosikika ndani vilikuwa vya majirani waliokuja kuchungulia. Yeye alitokea upande wa barabara, nje, miongoni mwa wanawake na maji yao, na kanzu yake nyeupe ikalowa pindo.

Wakampisha.

Hakumtazama Hetal. Alimtazama Jasuben, na kwa mara ya kwanza tangu ndugu yake aoe, akauona uso wake. Uso wa kawaida, umeloa, una tone la rangi kwenye ncha ya pua. Jasuben hakuinamisha macho.

"Nionyeshe," Parshottambhai akasema. Hakulipitisha neno hilo kwa mtu yeyote.

Hetal akautoa mkono chini ya mtandio.

Wanawake wakaacha kumwaga.

Akauweka ukutani. Kiganja kikaingia mahali pake. Kidole gumba juu ya gumba, ule mkia ukaendelea chini. Shahada juu ya shahada. Cha kati. Cha pete.

Cha mwisho hakikunyooka.

Alijaribu. Watu walimwona akijaribu. Mshipa ulimsimama shingoni. Kidole kilikuwa kimevimba kwenye kiungo na kimepinda kwa ndani kama ndoano. Na kando yake ukutani, cheupe, kimenyooka, kilibaki kile kidole cha binti aliyekuwa akicheka.

Kati ya kidole na kidole palikuwa na nafasi. Ndogo. Punje ya mchele ingekaa.

Parshottambhai aliitazama nafasi hiyo.

Aliitazama muda ambao mtu hutazama tiara iliyokatika uzi, ikielekea kule ambako hawezi kuifuata. Nyuma yake Kamlaben alikuwa amesimama na birika, na mabinti zake wawili wasioolewa kila mmoja na kopo, wamelowa hadi magotini.

Na jua halikungoja. Jiwe lilianza kubadilika rangi kutoka juu. Mikono isiyojulikana ikaanza kuondoka kwanza, mmoja mmoja. Kisha ya akina Pushpa. Kisha Manjula. Ukingo wa mkono wa Hetal ukaanza kulegea, kile kidole kilichonyooka kikawa kama moshi.

Hakuna aliyethubutu kumwaga. Zamu haikuwa yao.

Ndoo ya mwisho ilikuwa chini, karibu na viatu vya Parshottambhai, imejaa hadi ukingoni.


15

Hapa mimi lango ninanyamaza. Nimefunguliwa na kufungwa na wengi, na sijawahi kujifungua mwenyewe hata siku moja.


16

Jasuben alifumba macho.

Alisikia njiwa. Alisikia Mrunal akivuta pumzi na kutoitoa. Alisikia mpini wa ndoo ukigonga bati, *tli*, kama unavyogonga mtu anapouinua.

Kisha maji.

Yalimwagika yote kwa mara moja, na hakujua ni wapi.

Tone moja likamrukia shavuni.

Baridi.

Bado hajafumbua macho.